Breki ya Mguu wa Kulia

Mara ya kwanza farasi Kashata alipotimua mbio na kumtia mgeni baharini, watu wa ufuoni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mara ya pili aliivamia meza ya viazi karai ya Mama Jael, na hapo hakuna aliyefurahi isipokuwa paka. Mara ya tatu Bi Zuleikha, mwenye farasi, alitoka uani kwake Timbwani, buibui kalishika kwa mkono mmoja, akamtazama farasi, akamtazama mpanda farasi, kisha akatoa hukumu.

"Huyu auzwa. Jumamosi Gershom yuwaja kumtazama."

Gershom alikuwa mtu wa Mikindani mwenye mikokoteni ya kuuzia maji. Punda wake walikuwa wamezeeka, na siku nyingi alikuwa na hamu ya kujua farasi mmoja aweza kuvuta mitungi mingapi. Kila mtu aliijua njia ile: kilima, malori ya makontena, jua na vumbi. Farasi wa kubembelezwa ufuoni angefika kule akasahau jina lake kabla ya mwezi kuandama.

"Bi Zuleikha," alisema Tsofa, mpanda farasi, "huyu farasi hana makosa."

"Basi makosa ya nani? Ya bahari?"

Tsofa akageuka kumfuta Kashata jasho, kwani kijana huyu hakuwahi kukosa la kufanya. Akikaa, goti lacheza. Akisimama, funguo zazunguka kidoleni. Akila, macho yako barabarani. Mamake, Sidi, alipenda kusema kwamba alimzaa kwenye foleni ya feri, na tangu siku hiyo mtoto hajapata kuamini kwamba amefika.

Kabla ya farasi alikuwa mtu wa bodaboda, miaka mingi, Likoni na Mtongwe, mpaka alipoacha. Kashata naye aliletwa kwa Bi Zuleikha amekonda, rangi yake ya kahawia imechujuka kama kashata iliyoachwa juani, na hakutaka mtu amguse masikio. Tsofa peke yake alikubaliwa. Walipatana upesi kwa sababu wote wawili hawakujua kutulia. Kazi yao ilikuwa nyepesi: Tsofa yuko juu ya Kashata mbele, ameshika kamba ya farasi mzee anayekuja nyuma na mgeni mgongoni, wanakwenda pole pole ufuoni, mgeni anapigwa picha, wanarudi. Kazi ya kulala nayo usingizi. Ila kila likitokea la kushtua, mbwa au mpira au mtu wa kuuza miwani akichomoza ghafla, Kashata hutoka kama risasi. Na hutoka upande wa kushoto, siku zote. Wakiwa waenda, kushoto ni bahari. Wakiwa warudi, kushoto ni viazi karai.

"Farasi ana shetani," watu walisema.

"Shetani gani huyo ajuaye kushoto tu?" aliuliza Swabra, mjukuu wa Bi Zuleikha, ambaye ndiye aliyewaosha farasi na kuwapiga picha wageni, na ambaye ulimi wake ulikuwa haujapata likizo tangu aanze kusema.

Bi Zuleikha hakuwa mtu wa kuuza kitu gizani. Alimwita mwalimu mmoja wa kupanda farasi, jina lake Ruth, mtu wa Nakuru aliyekuja kumtembelea dadake Changamwe, amkague farasi ili Gershom asije akamletea maneno. Ruth alifika amevaa suruali ndefu na viatu vya buti katika jua lile, Swabra akamwonea huruma kwa sauti. Alimpapasa Kashata miguu, akamtazama meno, akambonyeza uti wa mgongo, kisha akampanda. Akaenda naye, akarudi naye. Swabra akapiga honi ya baiskeli ya muuza barafu makusudi. Kashata akasimamisha masikio, akaguna, akaendelea zake kama bibi harusi anayejua kwamba watu wote wanamtazama.

Ruth akashuka. "Huyu yuko sawa kabisa. Nani humpanda?"

Vidole vyote vikamwelekea Tsofa.

"Basi ndiye mgonjwa," Ruth akasema. "Mama, niachie huyu kijana hadi Jumamosi."

"Neno nishampa Gershom," Bi Zuleikha alijibu. "Wewe waenda zako Nakuru, na mimi nina mpanda farasi mmoja tu, sina pa kumchonga mwingine. Jumamosi Tsofa atampanda mbele ya Gershom. Farasi akikimbia, aenda Mikindani. Asipokimbia, abaki. Nimemaliza."

Usiku ule Tsofa hakulala. Hilo nalo si habari. Habari ni kwamba alijaribu.

*

Asubuhi Ruth alikuwa amelaza pipa la mafuta juu ya magogo nyuma ya banda, akalifunga tandiko, vikuku vya kuwekea miguu vikaning'inia huku na huku. Akamwambia Tsofa apande.

"Pipa?"

"Ndiyo. Hili halina shetani."

Tsofa akapanda. Swabra akamfunga macho kwa leso, akahakikisha maneno ya leso yamekaa mbele ili kila mpitaji asome.

"Sasa niambie," Ruth akasema, "mguu wako wa kulia unafanya nini?"

"Umekaa."

"Na wa kushoto?"

"Umekaa pia. Mwalimu, miguu yangu ni ndugu, haiachani."

"Kiuno?"

"Kimenyooka."

"Una uhakika?"

"Wallahi," akasema Tsofa, ambaye kanisani kwao alikuwa mwimba kwaya, lakini pwani ni pwani.

Hapo Ruth akapiga kelele, "Lori!", na Swabra akapiga sufuria kwa mwiko kando ya sikio lake.

Tsofa akaruka kidogo, akacheka, akasema hakushtuka hata chembe. Wakamfungua macho. Swabra alikuwa amepiga video kwa mkono wa pili, kwani hakuna sherehe aliyoikosa. Wakainama wote watatu juu ya simu.

Mtu aliyekuwa kwenye simu amekaa upande. Bega la kulia limeshuka, la kushoto limepanda, kichwa kimeegemea kama cha anayesikiliza siri za jirani. Sufuria ilipolia, mkono wake wa kulia ulikunjika ukabana hewa, na mguu wa kulia ukakanyaga chini kwa nguvu zote, kidole kimeelekea ardhini, kisigino kikachimba ubavu wa pipa. Ukabaki pale pale, umebana, muda wote mtu huyo alipokuwa akicheka na kusema hakushtuka.

"Huyo si mimi," Tsofa akasema.

"Ni mguu wa kukodi," Swabra akamjibu. "Rudisha kwa mwenyewe kabla hajaja kuudai."

"Rudia hiyo video."

Wakairudia. Mguu ukakanyaga. Wakairudia tena. Ukakanyaga. Tsofa akautazama mguu wake halisi, uliokuwa umetulia mchangani kama mtoto aliyevunja sahani.

"Ulikuwa unaendesha pikipiki?" Ruth akauliza.

"Ndiyo."

"Breki ya nyuma iko wapi?"

Tsofa akashika paja lake la kulia. Alikuwa ameshaelewa, na joto lilikuwa limempanda mpaka masikioni. Pikipiki waikanyaga kulia, ikasimama. Farasi ukimchimba kisigino cha kulia, umemwambia: ondoka, nenda kushoto, haraka. Na akizidi kukimbia, nawe ukazidi kufunga breki, basi umezidi kumchapa. Mara zote tatu Kashata alikuwa akitii. Alikuwa farasi mtiifu kuliko wote Likoni, na kwa utii wake walikuwa wakimpeleka kuvuta mitungi.

"Sawa," Tsofa akasema, ameshaanza kuzunguka pipa. "Sawa, sawa. Sitakanyaga. Nimejua, sitakanyaga. Niletee farasi."

"Kanyaga usikanyage, huwezi kuamua," Ruth akamwambia. "Kitu usichokisikia utakiachaje? Mimi sikufundishi kupanda farasi, buda. Nakufundisha kujua uko wapi."

*

Siku zilizofuata zilikuwa za adhabu. Angeambiwa akimbie mpaka Mtongwe na kurudi angekwenda kwa furaha. Aliambiwa akae. Akae juu ya pipa, macho yamefungwa, aitafute mifupa miwili anayokalia, aseme upi umebeba uzito zaidi. Avute pumzi, aiache ishuke mpaka tumboni. Ategee nyayo.

"Nategea nini?"

"Zinasema nini."

"Zasema twende."

Mwili wote ulimwasha. Nzi akitua alimsikia, mawimbi aliyasikia, na mtu anayekwaruza nazi nyumba ya tatu alimsikia. Mguu wake mwenyewe hakuusikia. Halafu Ruth akamshika kiuno kwa mikono miwili, akamsogeza kushoto kidogo, akainua bega la kulia, akamwambia abaki hivyo hivyo.

"Naanguka!" Tsofa akapiga ukelele. "Mwalimu, umenipinda! Niko upande!"

"Swabra, yuko upande?"

"Ati upande! Kanyooka kama mlingoti wa bendera. Mara ya kwanza namwona ana shingo mbili zilizo sawa. Mabega, nataka kusema. Ah, nawe Tsofa, wanichanganya ukiwa umenyooka."

Hilo ndilo lililomtisha zaidi ya video. Kwamba mtu aweza kuishi miaka amepinda, akakuita kupinda kule unyoofu, mpaka siku anyooshwe aone dunia ndiyo iliyolala upande. Alishuka kwenye pipa ana kizunguzungu, akaenda kumtazama Kashata kwenye banda. Farasi alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi huu, kama afanyavyo siku zote. Tsofa akasimama mbele yake, naye akajaribu kuhama vile vile, kulia, kushoto, kulia, akitafuta mahali pa katikati. Walionekana kama watu wawili wanaosubiri choo kimoja.

Nyumbani Sidi alianza kuwa na wasiwasi. Mwanawe alikuwa akisimama katikati ya chumba amefumba macho. Akiosha vyombo, husimama mguu mmoja, kisha mwingine. Kanisani, watu walipoinuka kuimba, yeye aliyumba taratibu kama mnazi, mchungaji akadhani ni Roho.

"Mwanangu, hao farasi wamekufanyani?"

"Natafuta katikati, mama."

"Katikati ya nini?"

"Yangu."

Sidi akamwekea sima nyingine. Kwake yeye hakuna ugonjwa wa kichwa usioanzia tumboni.

Ijumaa ilifika na mguu bado bubu. Sufuria ikilia, unakanyaga. Anaambiwa umekanyaga, anashangaa upya. Ruth hakukasirika, na hilo lilimwudhi Tsofa zaidi. Angalau mtu akikukasirikia una pa kuelekeza hasira yako. Jioni alitoka ufuoni mbio mbio, akampungia mkono bodaboda wa kwanza amrudishe nyumbani. Alikuwa Dancun, waliyekuwa wakikaa naye kituo kimoja zamani.

"Mfalme wa farasi! Panda, leo nikupeleke na mnyama wa chuma."

Tsofa alipanda nyuma. Dancun aliendesha kama waendeshavyo watu wote wenye umri wake, yaani kama aliyeitwa na mtu mkubwa. Walipokaribia tuta la kwanza, Tsofa aliona jambo. Alihisi kitu kikigonga chini, kikavu, tap. Tuta la pili: tap. Tuk-tuk ikawakatia mbele: tap, na safari hii kikabaki kimebana. Akatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga kigingi cha abiria, breki isiyokuwepo, kwa moyo wote, kumsaidia Dancun asiyehitaji msaada.

Hakuuona tu. Aliusikia. Aliusikia paja likikaza kabla, nyonga ikivuta, pumzi ikikwama kooni, halafu ndipo mguu ushuke. Kulikuwa na nafasi. Ndogo, nyembamba kama ukucha, lakini ipo.

Walipopita njia panda ya Mtongwe mguu haukungoja tuta wala tuk-tuk. Ulikaza wenyewe pale pale, karibu na kibanda cha makaa, na Tsofa akajua kwa nini bila kuuliza. Pale ndipo lori liliporudi nyuma siku ile, na mama mmoja ambaye Tsofa alikuwa amembeba kwenye pikipiki na kikapu chake cha samaki akarushwa akavunjika mkono. Mkono ulipona. Mama mwenyewe hakuwahi kumlaumu, hata akimwona sokoni humuuliza hali. Lakini mguu siku ile ulichelewa, kidogo tu, na tangu hapo ulikuwa umeapa hautachelewa tena.

"Mbona umenyamaza?" Dancun akauliza kwa sauti ya kushindana na upepo. "Waogopa?"

"Naogopa, naam," Tsofa akasema, na kusema hivyo kukamlegeza paja. "Endesha. Nautazama mguu."

"Unautazama nini?"

"Endesha, bwana!"

*

Jumamosi Gershom alikuja na shati la kutokea na kamba mpya begani. Kamba ile ndiyo iliyomchoma Tsofa. Mtu haji kutazama tu na kamba. Alimzunguka Kashata, akamgonga kifua kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Ana kifua. Mitungi ataibeba. Ila nasikia ni mwendawazimu?"

"Utaona mwenyewe, baba," Bi Zuleikha akasema. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mchangani, mkoba mapajani, uso hausemi kitu. Ruth alisimama nyuma yake amekunja mikono. Mama Jael alikuwa ameisogeza meza yake ya viazi mbali kabisa, karibu na ukuta, na bado aliilinda kwa mwili wake.

Tsofa alimshika Kashata masikio kidogo, akapanda. Goti lilikuwa likicheza, kama kawaida yake. Akaliacha. Akatafuta mifupa miwili, akaipata. Akajisogeza kushoto mpaka alipohisi ameanguka, akajua yuko sawa. Ndani yake kila kitu kilikuwa kikitaka kwenda, kumaliza, kushuka, kukimbia. Pumzi haikutaka kushuka chini ya kifua. Akaisubiri.

Wakaenda. Bahari kushoto, maji yanajaa. Gershom alipiga mluzi mara moja kumjaribu, masikio ya Kashata yakageuka, yakarudi. Wakafika kwenye mawe, wakageuka.

Walipokuwa warudi upepo ukaja kutoka baharini kwa ghafla, kama mtu aliyefungua mlango. Watalii wa Nairobi walikuwa wameanika nguo zao juu ya miamba, na taulo moja kubwa, nyekundu, ikajaa upepo, ikainuka, ikaja ikipiga mbawa moja kwa moja usoni pa farasi.

Kashata akaruka upande. Si kosa lake; hata Gershom aliruka.

Na Tsofa akausikia. Paja likakaza. Nyonga ikavuta. Pumzi ikakwama. Mguu ukaamka kama mlinzi aliyesinzia kazini, tayari kuokoa watu wote. Ukashuka nusu, kisigino kikagusa manyoya, na Kashata akakusanya nguvu zake za nyuma kuondoka kushoto, kuelekea viazi, kwa sababu ameambiwa.

*Nakujua,* Tsofa akauambia mguu, si kwa maneno. Hakuusukuma wala kuuvuta. Akaachia pumzi, yote, mpaka tumbo likaingia ndani, na mguu ukaning'inia kama kitambaa kilicholowa. Uzito wake ukamshukia farasi katikati. Kashata alipiga hatua mbili, tatu, za mtu asiyeelewa kwa nini hakuna anayempigia kelele. Akasimama. Taulo ikapita juu ya masikio yake, ikaenda kumvaa Gershom kichwani.

Swabra akacheka mpaka akakaa chini.

"Ameruka," Gershom akasema kutoka ndani ya taulo.

"Ameruka, akasimama," Bi Zuleikha akajibu. "Wewe umeruka, na bado hujasimama."

"Mimi nilimwona! Alitaka kukimbia!"

"Nami nimemwona aliyetaka." Alikuwa akiutazama mguu wa Tsofa, uliokuwa ukitetemeka waziwazi sasa, kuanzia nyonga mpaka kidole gumba. Akautazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma. Kisha akafunga mkoba wake. "Kamtafute punda, baba. Kwangu hapa pana kazi ya farasi, na huyu kijana hajamaliza kujifunza. Mwalimu, chai ipo ndani. Mama Jael, rudisha meza yako mahali pake, watu wana njaa."

Mama Jael hakuirudisha. Aliisogeza hatua moja tu, akangoja.

"Shuka basi," Bi Zuleikha akamwambia Tsofa. "Wangoja nini?"

Tsofa alijaribu kushuka, mguu ukakataa. Ulikuwa umekufa ganzi kwa kutofanya kitu. Akabaki juu, ameinama kwenye shingo yenye jasho ya Kashata, akicheka na kupumua. Chini yake farasi akahamisha uzito, kulia, kushoto, naye akahama pamoja naye.